Kujishusha na Kushushwa: Dhana ya Unyenyekevu na Kiburi katika Kiswahili cha Kikristo na katika Maisha ya Kila Siku

1.0 Utangulizi

Mafundisho ya Kikristo yamekitaja kiburi kuwa mzizi wa dhambi, na unyenyekevu kuwa msingi wa fadhila nyingine zote. Mafundisho hayo yalipoingia katika Kiswahili hayakukuta uwanja mtupu. Yalikuta lugha yenye msamiati mpana wa majivuno na heshima, jamii zenye taratibu zake za kuamkiana na za kuketi mbele ya wakubwa, na maadili ya Kiislamu yaliyokwisha kutia mizizi katika mwambao kwa karne nyingi. Kila neno lililochaguliwa na wafasiri wa Biblia lilikuja na mazoea yake, na mazoea hayo yaliendelea kuathiri namna waumini walivyolielewa fundisho lenyewe.

Makala hii inachunguza msamiati huo kwa misingi ya kisemantiki na kimofolojia. Hoja inayojengwa ni kwamba neno unyenyekevu, kwa asili ya matumizi yake, lina mwelekeo mmoja: humtoka mdogo na kumwendea mkubwa. Fundisho la Kikristo, kinyume chake, huanza na mkubwa anayeshuka. Mgongano huo haukutatuliwa na uteuzi wa neno peke yake. Ulitatuliwa kwa kiasi fulani na viambishi vya vitenzi, hususan kiambishi rejeshi -ji- na kiambishi cha kutendana -an-. Msikilizaji asipovizingatia viambishi hivyo, fadhila iliyokusudiwa kuwazuia wenye nguvu hugeuka kuwa wajibu wa wasio na nguvu. Suala hili, kwa hiyo, si la wanaisimu peke yao. Linagusa uhusiano wa askofu na mwinjilisti, meneja na mfanyakazi, mume na mke, mzee na kijana.

Matini ya Biblia inayorejelewa hapa ni ile ya Union Version iliyotolewa kamili mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo iliyounda lugha ya mahubiri ya Kiprotestanti kwa zaidi ya nusu karne. Tafsiri hiyo ilitanguliwa na Biblia ya Unguja ya mwaka 1891, iliyotokana na kazi iliyoanzishwa na Edward Steere, ile ya Mombasa ya mwaka 1914, na ile ya Karl Roehl ya mwaka 1937 ambayo ilijaribu kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu.

2.0 Msamiati wa Kiburi

Neno kiburi limetokana na mzizi wa Kiarabu k-b-r wenye maana ya ukubwa. Mzizi huohuo ndio uliozaa kitenzi kutakabari na nomino takbiri. Kwa Mwislamu wa mwambao, kiburi halikuwa neno la tabia mbaya tu. Lilikuwa neno la kiimani: ukubwa ni wa Mungu, na anayejitwalia ukubwa huo anarudia kosa la Iblisi aliyekataa kusujudu. Al-Ghazali, katika kitabu chake maarufu cha kuhuisha elimu za dini, alitenganisha kiburi na hali ya mtu kupendezwa na nafsi yake. Kwa maelezo yake, mtu anaweza kupendezwa na nafsi yake hata kama angekuwa peke yake duniani, lakini kiburi huhitaji mtu wa pili ambaye mwenye kiburi anajiona kuwa juu yake. Mapokeo hayo yanaonekana pia katika ushairi wa kale. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir unayatumia magofu ya majumba ya Pate kuwa onyo kwa wanaoghurika na utukufu wa dunia. Wafasiri wa Kikristo walipolichukua neno kiburi, basi, walichukua neno ambalo tayari lilikuwa na uzito wa kitheolojia.

Kando ya kiburi, Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyoonyesha hatua mbalimbali za majivuno: kujivuna, kujisifu, kujigamba, kujitapa, kujikweza, kujikuza, kujitukuza, kujiona, kujidai. Jambo linalodhihirika mara moja ni kwamba vyote vinabeba kiambishi -ji-. Mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Anayejikweza ndiye anayenyanyua na ndiye anayenyanyuliwa. Anayejisifu ameichukua kazi ambayo kwa kawaida ni ya wengine. Sarufi yenyewe inaonyesha kasoro iliyopo: mzunguko wa tendo umefungwa, na jirani hana nafasi ndani yake isipokuwa ya kutazama.

Si kila fahari iliyo kiburi, na lugha inalijua hilo. Kitenzi kujivuna hueleza ubaya, lakini kinapoongezewa kiambishi cha kutendea na kuwa kujivunia, maana hubadilika. Mzazi anajivunia mtoto wake, mwananchi anajivunia nchi yake, na hakuna anayewalaumu. Kiambishi hicho kinaufungua mzunguko uliofungwa, kwa kuwa furaha ya mtu sasa ina kitu kilicho nje ya nafsi yake. Paulo naye hakuifuta fahari, aliihamisha. Katika Wagalatia 6:14 anakataa kuona fahari juu ya kitu chochote isipokuwa msalaba. Katika lugha na katika fundisho, swali si kama mtu ana fahari au hana, bali fahari hiyo inaelekea wapi.

Methali za Kiswahili zinakikabili kiburi kwa kutazama matokeo yake. Mpanda ngazi hushuka: aliye juu akumbuke kwamba njia ya kurudi ni ileile. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: sifa huharibu kazi ya anayesifiwa, na hasara huwafikia wanywaji. Debe tupu haliachi kuvuma: kelele ni dalili ya ukosefu. Katika methali hizo kiburi ni upumbavu kabla ya kuwa dhambi. Methali moja, hata hivyo, inaligusa suala la msingi la makala hii kwa namna ya pekee, nayo ni heshima si utumwa. Kauli hiyo isingehitajika kama watu wasingekuwa na shaka. Inakiri kwamba kumheshimu mwingine kunaweza kufanana na utumwa, kisha inakataa kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

3.0 Mzizi Mmoja wa Kigiriki, Maneno Kadhaa ya Kiswahili

Katika Agano Jipya la Kigiriki, dhana ya unyenyekevu imejengwa juu ya mzizi tapein-. Kivumishi tapeinos kilikuwa na maana ya -a chini: mtu wa hali ya chini, mahali pa chini, tabia ya chini. Katika maandishi ya Kigiriki ya kale neno hilo mara nyingi lilibeba dharau. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alimsifu mtu mwenye nafsi kuu anayejijua kuwa anastahili makubwa. Hali ya chini haikuwa miongoni mwa fadhila zake. Wakristo wa kwanza walilichukua neno la aibu wakalifanya jina la fadhila, na tendo hilo lilikuwa la kushangaza kwa wasikilizaji wao.

Biblia ya mwaka 1952 haikuutafsiri mzizi huo kwa neno moja. Mifano ifuatayo inaonyesha mgawanyo huo:

(a) Katika Wafilipi 2:3 na Mathayo 11:29, ambapo inazungumziwa tabia ya moyo, limetumika neno unyenyekevu au mnyenyekevu. Katika Wafilipi 2:8, ambapo Kristo ndiye mtenda, kimetumika kitenzi kujinyenyekeza.

(b) Katika Luka 14:11 na 18:14, pamoja na Mathayo 23:12, kimetumika kitenzi -dhili, chenye asili ya Kiarabu na kinachokaribiana na fedheha. Wafilipi 4:12 nayo inatumia kudhiliwa.

(c) Katika wimbo wa Mariamu, Luka 1:48 na 1:52, yametumika maneno unyonge na wanyonge. Neno wanyonge linaonekana pia katika 2 Wakorintho 7:6.

(d) Katika Yakobo 1:9, ndugu aliye tapeinos ameelezwa kuwa ni ndugu asiye na cheo.

Mgawanyo huu haukuwa wa kubahatisha. Palipokuwa na hali ya kijamii, wafasiri walitumia maneno ya kijamii: mnyonge, asiye na cheo. Palipokuwa na tabia inayosifiwa, walitumia neno la adabu: mnyenyekevu. Uamuzi huo unaweza kutetewa kwa urahisi. Katika Kiswahili, unyonge haukuwahi kuwa fadhila. Mnyonge ni mtu dhaifu, asiye na mtetezi, ambaye haki yake hupotea. Methali isemayo mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni inamhurumia, lakini haimsifu kwa unyonge wake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuhesabu unyonge kuwa miongoni mwa sababu za watu kuonewa, na kwa hiyo kuwa hali ya kuondolewa. Mfasiri ambaye angewaambia waumini wavae unyonge angekuwa ameubariki uonevu.

Pamoja na hayo, kitu kimepotea. Msikilizaji wa Kigiriki aliposikia kwamba Mungu ameutazama unyonge wa mjakazi, na baadaye akasikia kwamba waumini wawe na unyenyekevu, alisikia mzizi uleule. Alielewa kwamba fadhila anayoitiwa ni kuchukua mahali pa wanyonge na kusimama pamoja nao. Msikilizaji wa Kiswahili anasikia maneno mawili yasiyo na undugu. Mnyonge ni suala la uchumi na siasa, mnyenyekevu ni suala la adabu. Kamba iliyowafunga pamoja imekatika, na nafasi imepatikana ya kumwambia mnyonge kwamba kinachotakiwa kwake ni unyenyekevu, bila mtu yeyote kuhisi kwamba maneno hayo yamegeuzwa kichwa chini.

4.0 Mwelekeo wa Kitenzi Kunyenyekea

Tatizo hilo linaongezwa na tabia ya kitenzi kunyenyekea chenyewe. Kitenzi hiki huchukua yambwa ya mtu: mtu humnyenyekea mtu. Sentensi mtumishi alimnyenyekea bwana wake haina utata. Sentensi bwana alimnyenyekea mtumishi wake inamfanya msikilizaji asite. Ataitafuta sababu: pengine bwana alikuwa na haja, pengine aliogopa siri yake isitoke, pengine alikuwa akibembeleza. Kitenzi kinadai tofauti ya vyeo, na kinadai kwamba tendo lipande. Nomino unyenyekevu, iliyoundwa kwa kiambishi kilekile kinachounda usikivu na utulivu, inaonekana kutaja sifa ya ndani isiyo na mwelekeo. Hata hivyo harufu ya kitenzi haijaitoka.

Wafasiri walipofika mahali ambapo aliye juu ndiye anayeshuka, kitenzi hicho katika umbo lake la kawaida hakikutosha. Ndiyo maana Wafilipi 2:8 inatumia kujinyenyekeza. Kiambishi cha kusababisha kinaonyesha kwamba hali ya unyenyekevu imeletwa, na kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba aliyeileta ndiye aliyeipata. Hakuna mwingine aliyemnyenyekeza. Umbo hilo linamwezesha Kristo kuwa mnyenyekevu pasipo kumfanya kuwa mdogo wa mtu fulani.

Umuhimu wa kiambishi hiki unadhihirika zaidi katika Luka 14:11. Kauli hiyo ina pande mbili, na kila upande una vitenzi viwili: ajikwezaye na atadhiliwa, ajidhiliye na atakwezwa. Vitenzi vya kwanza vina -ji-. Vya pili vina kiambishi cha kutendwa -w-. Mtu anachoweza kujifanyia ni ama kupanda ama kushuka. Kile kitakachompata baadaye hufanywa na mwingine, ambaye kwa desturi ya lugha ya Kibiblia ni Mungu. Kauli hii haitoi nafasi ya mtu wa tatu. Haisemi kwamba jirani, mzee wa kanisa au msimamizi wa kazi amepewa jukumu la kuwadhili wanaojikweza. Baina ya kujidhili na kudhiliwa kuna tofauti ya silabi chache, lakini ndiyo tofauti baina ya fadhila na uonevu.

Kiambishi cha pili kinachohitaji kuangaliwa ni -an-. Katika Waefeso 5:21 wafasiri walitumia kitenzi kunyenyekeana. Mzizi wa Kigiriki hapo si tapein- bali ni wa kitenzi chenye maana ya kujiweka chini ya mwingine, na uteuzi wa wafasiri ni wa ujasiri. Kitenzi kinachodai tofauti ya vyeo kimeunganishwa na kiambishi kinachodai usawa wa tendo. Watu wanaonyenyekeana wote ni wakubwa na wote ni wadogo kwa wakati mmoja. Tendo linapanda kutoka pande zote mbili. Katika msamiati wote wa Kikristo wa Kiswahili ni vigumu kupata neno linaloeleza fundisho hili kwa ukamilifu zaidi.

Mstari unaofuata, lakini, umeupunguza ujasiri huo. Katika nakala za Kigiriki zilizo za kale zaidi, zikiwemo mafunjo yajulikanayo kwa alama ya P46 na kodeksi ya Vatikano, mstari wa 22 unaowahusu wake hauna kitenzi chake wenyewe. Unaazima kile cha mstari wa 21. Yaani, utii wa mke umewekwa ndani ya kunyenyekeana kwa wote kama mfano mmojawapo. Katika Kiswahili mstari wa 22 umepewa kitenzi kingine, kutii, na umewekwa kuwa mwanzo wa sehemu mpya. Msomaji anayeanza hapo, kama wafanyavyo wahubiri wengi wa harusi, hana njia ya kujua kwamba amri hiyo ilitegemea sentensi iliyotangulia ambayo inamhusu mume pia.

5.0 Mapokeo ya Kanisa kuhusu Tofauti ya Unyenyekevu na Unyonge

Inaweza kudhaniwa kwamba hoja hii ni ya kisasa, na kwamba Kanisa la kale lilifundisha utii wa walio chini pasipo masharti. Maandishi yenyewe hayaungi mkono dhana hiyo moja kwa moja. Kanuni ya Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, ina sura nzima, ya 7, inayoeleza madaraja 12 ya unyenyekevu kwa mfano wa ngazi ya Yakobo: mtu hupanda kwa kunyenyekea na hushuka kwa kujikweza. Mswahili anayeijua methali ya mpanda ngazi atautambua mfano huo, ila hapa umegeuzwa. Ni kweli kwamba madaraja hayo yanamdai mtawa utii mkubwa. Lakini kanuni hiyohiyo, katika sura ya 3, inamwagiza abati awaite ndugu wote kwenye shauri la mambo mazito, wakiwemo walio wadogo, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema zaidi. Mkubwa naye amepewa ngazi yake ya kushuka.

Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliichambua dhana hii kwa makini zaidi. Katika Summa yake, swali la 161 la nusu ya pili ya Sehemu ya Pili, anaueleza unyenyekevu kuwa ni kuizuia nafsi isitamani makuu kupita kiasi cha akili njema. Kipimo ni ukweli, si kujidunisha. Awali, katika swali la 129, anasema kwamba unyenyekevu na ukuu wa nafsi haupingani, kwa kuwa mmoja hutazama upungufu wa mtu na mwingine hutazama vipawa alivyopewa na Mungu. Katika swali la 133 anaitaja tabia ya mtu kukataa kazi anayoiweza, akijihesabu kuwa hafai, na anaihesabu kuwa dhambi. Kwa istilahi za makala hii, Thomas ameuweka unyenyekevu katikati ya kiburi na unyonge, na amekataa kwamba unyonge ni unyenyekevu uliozidi.

Katika karne ya 20 hoja hiyo ilipanuliwa. Mwaka 1960 Valerie Saiving, mwanatheolojia wa Marekani, alichapisha makala iliyohoji desturi ya wanatheolojia wa kiume, akiwemo Reinhold Niebuhr, ya kukifanya kiburi kuwa dhambi kuu ya binadamu wote. Kwa maoni yake, mwanamke aliyelelewa kujisahau kwa ajili ya wengine ana kishawishi kingine: kuipoteza nafsi yake hata asibaki na cha kutoa. Kumhubiria mtu huyo hatari ya kiburi ni kumpa dawa ya ugonjwa wa jirani yake.

6.0 Unyenyekevu katika Maisha ya Kila Siku

Katika jamii za Afrika Mashariki, heshima hujifunzwa kwa mwili kabla ya kujifunzwa kwa maneno. Mtoto hufundishwa kuamkia, kupokea kitu kwa mikono miwili, kutomkatiza mkubwa anaposema. Salamu ya shikamoo, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, imetokana na kauli ya kushika miguu: mdogo anasema kwamba ameishika miguu ya mkubwa, naye mkubwa anaitikia marahaba. Salamu hiyo imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uzito wake wa zamani na kuwa adabu ya kawaida. Hata hivyo taswira iliyomo ndani yake inafungua maana ya sura ya 13 ya Injili ya Yohana kwa namna ambayo lugha nyingi haziwezi. Yesu anapoondoka mezani, akajifunga kitambaa na kuwatawadha wanafunzi miguu, Mwalimu ndiye anayeishika miguu ya wadogo wake. Ni kana kwamba mkubwa ameanza kuamkia. Kukataa kwa Petro kunaeleweka papo hapo na yeyote aliyelelewa katika desturi ya shikamoo. Si kukosa imani; ni adabu iliyoshtuka.

Fundisho la Luka 14 kuhusu viti vya mbele nalo lina makao yake katika shughuli za leo. Katika harusi na michango, mpangilio wa meza kuu, majina ya wageni rasmi na utaratibu wa nani atambulishwe kwanza ni mambo yanayoweza kuleta uadui wa miaka. Mahali pa ibada hapajaepuka desturi hiyo. Viti vya mbele vilivyofunikwa vitambaa vinajulikana. Anayeketi nyuma kwa makusudi ili aitwe mbele mbele ya watu naye hajaponyoka, kwa kuwa ameugeuza unyenyekevu kuwa njia ndefu zaidi ya kujikweza. Farisayo wa Luka 18 ana mwenzake ambaye hakutajwa: mtu anayejipigapiga kifua huku akitazama ni nani anayemwona. Waraka kwa Wakolosai, katika sura ya 2, tayari ulikuwa umeonya kuhusu unyenyekevu wa kujibunia.

Mahali pa kazi pametoa mfano ulio wazi zaidi wa kiburi kuwa suala la umma. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Hapo msamiati wa maadili uligeuzwa kuwa kipimo cha uongozi, na kwa mara hii mwelekeo ulikuwa wa kushuka: aliyetakiwa kujirekebisha ni aliye juu. Matokeo yake hayakukawia. Kama alivyoonyesha Issa Shivji katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu matabaka nchini Tanzania, wafanyakazi katika viwanda kadhaa kati ya mwaka 1971 na 1973 waligoma au kufunga milango wakiitaja ibara hiyo, na miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa lugha ya matusi na dharau ya mameneja. Hawakudai mshahara tu. Walidai kusemeshwa kama watu. Migomo hiyo hatimaye ilizimwa na dola, na baadhi ya wafanyakazi walifukuzwa kazi. Ilibainika kwamba kukataza kiburi kwa maandishi ni rahisi kuliko kukubali kuulizwa na aliye chini.

Ndani ya Kanisa, harakati iliyolijaribu fundisho hili kwa vitendo ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Chanzo chake huhusishwa na mkutano wa mwaka 1929 mjini Kampala baina ya Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda. Katika miaka ya 1930 harakati hiyo ilienea Uganda, Kenya na Tanganyika. Kiini chake kilikuwa kuungama hadharani na kutembea nuruni, na neno lake la unyenyekevu lilikuwa kuvunjika. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba wamisionari wa Kizungu nao waliungama mbele ya Waafrika dhambi ya kiburi cha rangi na kuomba msamaha. Katika mazingira ya utawala wa kikoloni, tendo hilo lilikuwa kinyume cha utaratibu uliozoeleka. Lilikuwa kunyenyekeana kwa maana kamili ya neno.

Uamsho huo unaonyesha pia jinsi shutuma ya kiburi inavyotumika. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri. Kwa wakuu wa chuo, vijana hao walikuwa wakaidi waliojiona watakatifu kuliko wengine. Kwa vijana wenyewe, waliomtii Mungu ndio waliofukuzwa. Kila upande uliuona upande wa pili kuwa na kiburi. Inawezekana kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli, kwani ndugu wa Uamsho walilaumiwa mahali pengi kwa kuwahukumu wasioungama kama wao. Lakini pande hizo hazikuwa na nguvu sawa. Shutuma ya mkubwa kwamba mdogo ana kiburi inaweza kumfukuza. Shutuma ya mdogo dhidi ya mkubwa mara nyingi huhesabiwa kuwa ushahidi wa kiburi chenyewe. Hapo ndipo neno hili linapokuwa la hatari. Mwinjilisti anayeuliza hesabu za sadaka, mke anayekataa kupigwa, karani anayeonyesha kosa la mkuu wake, wote wanaweza kunyamazishwa kwa neno moja: hana unyenyekevu.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Kiswahili hakikulipokea fundisho la unyenyekevu kwa neno moja, bali kwa kundi la maneno yenye mielekeo tofauti. Kunyenyekea hupanda. Kudhiliwa na kushushwa hutoka kwa mwingine. Unyonge ni hali ya kuhurumiwa na kuondolewa, si ya kuigwa. Fadhila inayofundishwa na maandiko ya Kikristo imo hasa katika maumbo mawili, kujinyenyekeza na kunyenyekeana: la kwanza linaonyesha kwamba tendo lazima litoke kwa mtenda mwenyewe, na la pili linaonyesha kwamba halimhusu mmoja peke yake.

Kutokana na uchambuzi huo, mambo mawili yanafuata. La kwanza linahusu tafsiri na ufundishaji. Si lazima unyenyekevu ubadilishwe kwa neno jingine, kwa kuwa hakuna linalofaa zaidi na mazoea ya waumini yana haki yake. Kinachohitajika ni kuurudisha undugu uliopotea baina ya mnyenyekevu na mnyonge kwa maelezo ya pambizoni na kwa mahubiri, na kuacha kuitenganisha mistari ambayo katika matini ya asili ni sentensi moja. Kitenzi kujishusha, ambacho kimeenea katika mahubiri ya mdomo, kinaweza kusaidia, kwa kuwa ndani yake uchini unasikika waziwazi na -ji- haifichiki.

La pili linahusu kipimo cha matumizi. Unyenyekevu unapodaiwa, swali la kwanza liwe ni nani anayeudai, kwa nani, na kwa faida ya nani. Mtu anayeudai kwa wengine ili yeye apate nafasi amekwisha kuliacha fundisho lenyewe, hata kama maneno yake yote yametoka katika Biblia. Waliosema kwamba heshima si utumwa walilijua hilo mapema. Kilichoongezwa na fundisho la Kikristo ni kwamba heshima hiyo humdai kwanza yule ambaye miguu yake imezoea kushikwa.